Tunguu, madishi na waandishi wanaoitwa watabiri

Dhana: Waandishi wa hadithi za kisayansi hutabiri.

Ukweli: Wanasoma sana sayansi ya zama zao. Jules Verne, mwandishi wa Kifaransa, husifiwa kwa nyambizi ya riwaya yake iliyochapishwa mwaka 1869 hadi 1870, ilhali jeshi la majini la Ufaransa lilishaizindua yake, Plongeur, mwaka 1863. Verne aliuliza chombo cha namna hiyo kingefika wapi kikiendeshwa kwa umeme. Kwangu mimi, kuuliza hivyo ni kazi kubwa kuliko utabiri.

Dhana: Arthur C. Clarke, mwandishi wa Kiingereza wa hadithi za kisayansi, aliileta satelaiti ya mawasiliano kwenye riwaya.

Ukweli: Aliieleza kwenye makala ya kitaalamu, katika jarida la redio la Uingereza, Oktoba 1945, akiwa ametoka kushughulika na rada vitani. Chombo kikiwa juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi, huenda sambamba na mzunguko wa dunia, na aliye chini hukiona kimetulia palepale. Vitatu vingetosha karibu dunia nzima. Ndiyo maana kule Ng'ambo, mjini Unguja, fundi akishanasa mawimbi na kukaza bolti, dishi halihitaji kuzungushwa kufuata satelaiti. Clarke hakupatia yote: alidhani humo watakaa wahudumu. Transista ilikuwa haijavumbuliwa, na taa za redio za wakati ule zilihitaji mtu wa kuzibadilisha zikiungua.

Dhana: Kituo cha Wamarekani cha Tunguu, Unguja, kilikuwa cha kurusha makombora.

Ukweli: Hofu hiyo ilienea Unguja na watu wakaandamana, na siwalaumu, kwani vita baridi ilikuwa imepamba moto. Lakini kituo, kilichoanza kujengwa mwaka 1960, kilikuwa cha antena na mitambo ya redio, kwa ajili ya Mercury, mradi wa Marekani wa kupeleka watu angani. Mwanaanga wa Marekani John Glenn alipoizunguka dunia Februari 20, 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye. Kila kituo kilimpata kwa dakika chache tu, kisha chombo kikazama nyuma ya upeo na kituo cha mbele kikapokea zamu. Baada ya Mapinduzi, serikali ilitaka kiondolewe, kikafungwa mwaka huohuo wa 1964.

Njia ya kupunguza utegemezi wa vituo vingi namna ile ilikuwa imeshaandikwa miaka 15 kabla ya Tunguu kujengwa, kwenye makala ileile ya Clarke. NASA, shirika la anga la Marekani, ilianza kurusha satelaiti zake za kupokezana mawasiliano ya vyombo vya angani, kwenye kimo hichohicho, mwaka 1983.