TASAF na miradi ya kunusuru kaya masikini: tunayoambiana Kigoma na ukweli wake

Kaa kijiweni Mwandiga au stendi ya Kasulu utaje TASAF tu, yaani ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali unaozipa kaya masikini ruzuku ya fedha na kazi za muda, hujamaliza sentensi ushaambiwa "hiyo hela ya ndugu zake mtendaji". Watu wanaongea kwa uchungu na siwalaumu, ila mengine tunayoambiana sio kweli na yanawaumiza masikini haohao tunaowatetea.

Dhana: Majina yanapangwa ofisini.
Ukweli: Utaratibu unapitia mkutano wa kijiji. Wananchi wenyewe ndo wanasema kwetu hapa kaya masikini ni ipi, majina yanatajwa mbele za watu, halafu kaya zinahojiwa kwa dodoso, majibu yanachakatwa kwenye kompyuta, na orodha inarudi kijijini ithibitishwe. Sasa mkutano ukija na watu wachache wote wa kitongoji kimoja, orodha nayo itaegemea hukohuko, yule bibi wa bondeni anayelea wajukuu nani atamtaja? Upendeleo upo, nakubali, lakini ukisusia mkutano unamwachia nafasi yuleyule unayemlalamikia. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, sio wa wajumbe, na ndo pale pa kudai mapato na matumizi yasomwe.

Dhana: Vikao na kusaini madaftari ni kupotezeana muda, watu wana njaa.
Ukweli: Hili linanikera kuliko yote. Chukua zile kazi za muda, kulima barabara ya kitongoji au kuchimba mtaro, ambazo kaya ya mlengwa, yaani iliyoandikishwa kwenye mpango, inafanya hadi siku 60 kwa mwaka na malipo yanafata daftari la mahudhurio. Fungua daftari ukute majina kumi na mbili yamesainiwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, "a" zote zimelala upande uleule, hapo jua kuna hela inaenda kwa mtu ambaye hajashika jembe, na mama aliyeinama mtaroni toka asubuhi anaweza akakuta siku zake zimepungua na hana pa kushika. Kila mtu asaini mwenyewe, asiyejua kuandika aweke dole gumba, na daftari lisomwe kwa sauti kabla halijapelekwa. Huo ndo ulinzi wake. Mwaka 2016 uhakiki ulipofanyika nchi nzima, maelfu ya kaya zisizostahili ziliondolewa kwenye mpango, na hazikujulikana kwa ramli, ni kwa kulinganisha makaratasi na watu.

Dhana: Kusimamia ni kazi ya halmashauri na wafadhili.
Ukweli: Afisa wa halmashauri hawezi kushinda kila kijiji, ndo maana kuna kamati ya usimamizi ya jamii inayochaguliwa na wananchi. Ruzuku ya majaribio ilipoanza kutolewa Bagamoyo, Chamwino na Kibaha mwaka 2010 ilisimamiwa na kamati za vijiji, na watafiti walipofatilia wakakuta watoto wadogo wanaugua kidogo kuliko mwanzo na kaya zimeongeza kuku na mbuzi. Wale wanaosema ruzuku inafuga wavivu wajibu na hilo. Kamati tunayochagua kwa kuangalia nani anaongea sana, bila kuuliza nani anajua kutunza kumbukumbu, itatuangusha.

Dhana: Ukilalamika unakatwa.
Ukweli: Kulalamika ni haki ya mlengwa na njia zipo: kamati, ofisi ya kijiji, mratibu wa TASAF halmashauri, na pakiwa na harufu ya rushwa nenda TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa. Kinachotukwamisha mara nyingi ni kwenda na "wanatuibia" peke yake. Nenda na tarehe ya malipo, kiasi ulichotakiwa upate, kiasi ulichopata na nani alikulipa. Mzee asiyejua kusoma, mjukuu wa darasa la sita anatosha kumwandikia kwenye daftari la shule, hapohapo siku ya malipo kabla hela haijatumika.