Dinosaria wa Tendaguru hawakuchimbuliwa na wanaakiolojia

Wiki iliyopita nimemsikia tena mtangazaji wa redio akiwasifu "wanaakiolojia waliochimbua dinosaria wa Tendaguru". Kabla yake nilimsikia mwalimu akiwaeleza watoto hivyohivyo, mkononi ana picha ya yule mkubwa aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin. Wote wawili walikuwa na nia njema, na Lindi, kilipo kilima cha Tendaguru, inastahili sifa. Neno "wanaakiolojia" tu ndilo haliko mahali pake.

Paleontolojia ni elimu ya viumbe wa kale, wanyama na mimea, inayosomwa kutokana na visukuku. Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe iliyohifadhiwa mwambani: mfupa, jino, jani, hata unyayo. Akiolojia inamfuata mwanadamu kupitia vitu alivyotengeneza akaviacha: vigae, shanga, kuta za Kilwa Kisiwani.

Kinachotupoteza, nadhani, ni msemo wetu wenyewe wa "mambo ya kale". Kwetu Waswahili kale ina watu ndani yake. Hadithi ikianza "hapo zamani za kale", anayefuata ni sultani, au maskini na mkewe. Hata sungura na fisi wa kale hiyo wanasema kama watu. Ukimtaja mtaalamu wa mambo ya kale, msikilizaji anawaza watu papo hapo. Kigiriki nacho, kilichozaa majina haya mawili, hakitusaidii mwanzoni. Arkhaios maana yake ni -a kale. Palaios nayo ni -a kale. Tofauti imejificha katikati ya neno paleontolojia, kwenye kile kipande "onto", kinachotokana na neno lenye maana ya kilichopo, kiumbe. Mfaransa Henri de Blainville alipoliunda jina hili mwaka 1822 aliunganisha kale, kiumbe na elimu. Huyo kiumbe wa katikati ndiye tunayemwacha kila tunaposema akiolojia.

Sasa turudi Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani waliwaajiri mamia ya watu wa kusini kuchimba mifupa iliyogeuka jiwe, kisha ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo ningependa kila mtoto wa Lindi alijue. Wanyama wenyewe waliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Zana za mawe za kale kuliko zote zinazojulikana, zilizopatikana Lomekwi karibu na Ziwa Turkana, zina miaka milioni 3.3. Kwa hiyo katika tabaka la dinosaria hapana kigae wala shoka, maana hapakuwa na mtu. Watoto wameniuliza mara nyingi kama mababu zetu waliwawinda dinosaria. Siwalaumu. Tumewapa neno lenye mtu ndani, nao wamemtafuta.

Hata kazi zenyewe hazifanani. Kamoya Kimeu wa Kenya alianza kama kibarua Olduvai mwaka 1960, akawa mmoja wa watafutaji hodari wa visukuku duniani, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kutembea juani akiisoma ardhi. Agosti 1984, Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe za rangi ileile. Kikafuatwa na karibu kiunzi kizima cha mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Jicho lile hakulipata darasani, na aliwafundisha wengine kutazama kama yeye.

Nakubali kwamba kwenye visukuku vya jamii ya binadamu elimu hizi mbili hukutana. Olduvai, mwaka 1959, fuvu la Zinj, mmoja wa jamii hiyo, lilionwa na Mary Leakey, ambaye fani yake ilikuwa akiolojia, na zana za mawe zilikuwa palepale. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ila kwa Tendaguru, ndugu mtangazaji, sema wanapaleontolojia. Ukiona neno ni refu mno kwa taarifa ya habari, "wataalamu wa visukuku" inatosha kabisa, na mtoto aliye karibu na redio atajua kuwa anasimuliwa habari za mnyama.