Padri wa jimbo hana nadhiri ya ufukara

"Inakuwaje padri aliyeweka nadhiri ya ufukara afe akiwa na kiwanja na gari?"

Safari hii aliyeniuliza ni mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei (waumini wasio mapadri wala watawa), mtu msomi, Mkatoliki tangu tumboni. Padri aliyekuwa akimsema alikuwa padri wa jimbo, yaani aliye chini ya askofu wa jimbo na asiye wa shirika la kitawa. Hakuwahi kuweka nadhiri ya ufukara maishani mwake, kwa sababu mapadri wa jimbo hawaiweki. Kazi yangu ni sheria za Kanisa, na nimelieleza jambo hili kwenye semina, kwenye vikao vya parokia na hata kwenye matanga, mpaka nimechoka. Sasa naliandika.

Anapopewa ushemasi, daraja la kabla ya upadri, kijana wa jimbo anaahidi hadharani kuishi useja (kanuni ya 1037 ya Sheria za Kanisa), anapokea wajibu wa kusali Liturujia ya Vipindi, yaani sala rasmi za Kanisa za kila siku, na anamwahidi utii askofu wake na maaskofu watakaomfuata. Akipadirishwa anarudia ahadi ya utii. Basi. Nadhiri tatu za useja, ufukara na utii, zile za kanuni za 599 hadi 601, ni za watawa. Sista anaziweka, bruda anaziweka, na wote wawili hawana daraja takatifu, yaani hawakuwekwa wakfu kuwa shemasi au padri. Padri wa shirika la kitawa, kama Mkapuchini au Mbenediktini, amebeba vyote viwili, daraja na nadhiri. Paroko wako wa jimbo amebeba daraja. (Na hata useja hauambatani na upadri kila mahali: Wakatoliki wa Ukraine na Wamaroni wa Lebanon wana mapadri wenye wake na watoto, wako chini ya Papa yuleyule. Hilo tuliache.)

Najua kosa lilikotoka, na siwezi kuwalaumu babu zetu. Shirika la Roho Mtakatifu lilifika Bagamoyo mwaka 1868. Wabenediktini walianzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Hao wote ni watu wa nadhiri. Magharibi mwa nchi walikuja Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, na hao kumbe hawana nadhiri za kitawa. Wanafungwa na kiapo, na kanuni ya 741 inawaruhusu kumiliki mali. Lakini muumini wa Tabora angewezaje kuliona hilo? Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliwaagiza wakae angalau watatu pamoja, wakala meza moja, wakavaa kanzu moja, na fedha zikatoka mfuko mmoja. Wazazi wao walikuwa Ulaya. Hakuna mjomba aliyekuja misheni kudai ng'ombe.

Kisha mwaka 1917 wakapadirishwa mapadri wazalendo wanne wa kwanza wa Tanganyika, watu wa Buhaya na Ukerewe. Padri sasa ana mama anayeishi karibu, ana kaka, ana sehemu yake katika shamba la baba, ana wapwa wanaohitaji karo. Waumini wakaendelea kumpima kwa kipimo cha mmisionari ambaye ukoo wake hawakuwahi kuuona. Mpaka leo tunampima hivyo.

Sasa nifike panaponikera. Kuna watu wawili wanaoharibu mazungumzo haya. Wa kwanza ni muumini anayemtuhumu padri kuvunja nadhiri asiyokuwa nayo. Wa pili, na huyu ananiudhi zaidi, ni padri anayejibu, "Mimi si mtawa," kisha anafunga mjadala. Ndugu yangu padri, soma kanuni ya 282 mpaka mwisho. Inakudai maisha ya kiasi, yasiyo na majivuno. Sehemu yake ya pili inasema kwamba ulichopata kwa ajili ya huduma yako ya Kanisa, kikibaki baada ya matunzo yako yanayostahili, unahimizwa kukitumia kwa manufaa ya Kanisa na matendo ya huruma. Kanuni ya 286 inakukataza biashara bila ruhusa ya mamlaka halali ya Kanisa. Kukosa nadhiri hakukupi uhuru wa kufungua duka la vifaa vya ujenzi kwa jina la dada yako.

Na zaidi ya hayo yote, parokia si mali ya paroko. Kanuni ya 515 inaipa parokia utu wake wa kisheria. Ina mali yake, na paroko ni msimamizi tu. Kanuni ya 531 inaelekeza sadaka zinazotolewa wakati wa huduma za kiparokia ziingie mfuko wa parokia, isipokuwa ikijulikana kwamba mtoaji alikusudia vingine. Kanuni ya 1267 inaongeza: anachopewa msimamizi wa taasisi ya Kanisa kinadhaniwa kimepewa taasisi, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Halmashauri inayolalamikia "nadhiri ya ufukara" huku haijawahi kuomba hesabu za parokia inapigana mahali ambapo haiwezi kushinda. Iulize hesabu. Kamati ya fedha ipo kwa amri ya sheria, kanuni ya 537, haipo kwa hisani ya paroko.

Gharama ya mkanganyiko huu tunaiona padri akifa. Ndugu wanakuja na lori kabla udongo wa kaburi haujakauka. Parokia nayo imekwisha kubadilisha kufuli. Ndugu wanadai kila kilichomo ndani ya nyumba. Parokia inajibu kwamba padri hamiliki kitu. Wote wamekosea. Kiwanja alichorithi kwa baba yake ni chake, kinakwenda kwa wasia wake au kwa mirathi. Jenereta lililonunuliwa kwa mfuko wa parokia halikuwa lake hata siku moja.

Kwa mtawa mambo yanageuka. Akifundisha sekondari na kulipwa mshahara, mshahara ni wa shirika, kanuni ya 668. Ndugu zake wasitegemee gari. Lakini hapo pia watu hushangaa nikiwaambia kwamba mtawa wa kawaida mara nyingi anaweza kubaki na urithi kwa jina lake: kabla ya nadhiri za kwanza anamkabidhi mtu mwingine usimamizi wake, na kabla ya nadhiri za daima anaandika wasia. Anayepoteza kabisa uwezo wa kumiliki ni yule aliyekana mali zake zote kutokana na aina ya shirika lake.

Yapo yanayonishinda. Maisha ya kiasi yanapimwa kwa nini? Gari la kupanda milima kwenye parokia yenye vigango (makanisa madogo yaliyo chini yake) vya porini ni jembe la kazi. Gari hilohilo mjini, penye lami kila upande, linaweza kuwa kwazo. Kanuni haitaji kipimo, na sijaona mwongozo ulioniridhisha. La pili ni jubilei. Waumini wanachanga, wanamnunulia padri gari kwa miaka 25 ya upadri, wanapiga vigelegele. Je, wamempa yeye au wameipa parokia? Ukisoma kanuni ya 1267 peke yake utasema parokia. Ukiwauliza waliochanga, nusu watasema "Padri wetu" na nusu watasema "wa kutuhudumia sisi". Mimi huelekea kusema ni lake, kwa kuwa sherehe ilikuwa ya upadri wake, lakini nimeona wenzangu wakihukumu kinyume kwa hoja nzito, na siwezi kusema wamekosea. Mahakama ya serikali, kwa upande wake, itaanza kuangalia kadi ya gari ina jina la nani: la padri, au la wadhamini waliosajiliwa wa jimbo.

Kwa hiyo kamati za jubilei, nawaombeni: kabla ya mchango wa kwanza kupokelewa, andikeni kwenye muhtasari kwamba zawadi ni ya padri binafsi au ni ya parokia, someni uamuzi huo kanisani kwenye matangazo, na kadi isajiliwe hivyo. Nanyi mapadri wa jimbo, andikeni wasia, nakala moja ikae ofisi ya kansela, mtunza kumbukumbu wa jimbo, na orodha ya vitu vya parokia vilivyomo nyumbani mwenu isainiwe na kamati ya fedha kila mwaka.