Taya, ulimi na sura ya uso: maswali kuhusu umri na jinsia

Misuli ya kinywa ni ipi hasa?

Weka vidole kwenye mashavu yote mawili, karibu na pembe ya taya, kisha kaza meno. Kinachotuna chini ya vidole ni maseta, mmoja wa misuli mikuu ya kutafuna. Pandisha vidole hadi kwenye mapanja, ukaze tena, nawe utausikia wa pili. Mingine miwili imejificha ndani, kila upande. Midomo nayo imezungukwa na msuli wake, na mashavu yana msuli unaorudisha chakula katikati ya meno kila kinapoteleza pembeni.

Halafu kuna ulimi, ambao karibu wote ni misuli. Huu ndio ninaoomba tuuangalie zaidi, kwa sababu hudhoofika kimyakimya. Jino likiuma mtu huenda kwa daktari, lakini ulimi ukilegea hauumi.

Mbona uso wa mtoto mchanga ni mviringo na kidevu kama hakipo?

Fuvu hutangulia kukua kwa sababu ya ubongo, uso hufuata baadaye. Taya la chini la mtoto anayezaliwa ni vipande viwili, navyo huungana kwenye kidevu ndani ya mwaka wa kwanza. Yale mashavu manene yana kazi: mafuta yaliyomo huyazuia yasibonyee ndani anaponyonya. Meno yakishaota na kutafuna kukaanza, uso hurefuka kwenda chini na mbele.

Wavulana na wasichana huanza kutofautiana lini?

Tofauti kubwa hujitokeza wakati wa kubalehe. Kabla ya hapo nguvu za kung'ata hukaribiana sana. Wasichana hubalehe mapema, na nyuso zao humaliza sehemu kubwa ya ukuaji kwenye miaka 15 au 16. Wavulana huendelea hadi 18 au zaidi, na taya la chini ndilo huchelewa kuliko yote. Homoni ya testosteroni, iliyo nyingi zaidi kwa wanaume, hukuza mfupa wa juu ya macho, hupanua taya na kidevu, na hunenepesha misuli ya kutafuna. Ndiyo maana mwanamume mzima, kwa wastani, hung'ata kwa nguvu kumzidi mwanamke. Kwenye ulimi tofauti ni ndogo zaidi. Nasisitiza neno wastani: wako wanawake wengi wenye taya zenye nguvu kuliko wanaume wengi.

Je, ukimtazama mtu usoni unaweza kujua nguvu za taya lake?

Kwa kiasi. Wenye uso mfupi na taya la mraba huwa na nguvu zaidi, wenye uso mrefu na mwembamba huwa na pungufu. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani wakiongozwa na William Proffit walionyesha kuwa watu wazima wenye uso mrefu sana hung'ata kwa takriban nusu ya nguvu za wenye uso wa kawaida. Walipowapima watoto, wale wenye uso mrefu hawakutofautiana na wenzao. Kwa hiyo pengo hilo huja mtu akikua.

Misuli nayo huacha alama usoni. Anayesaga meno usingizini kwa miaka mingi anaweza kupata maseta nene, uso ukaonekana wa mraba. Na mtoto anayekoroma na kulala mdomo wazi kila usiku apelekwe kwa daktari akaangaliwe pua na nyama za puani, maana kupumua kwa mdomo wakati mifupa inakua huhusishwa na uso kurefuka. Kwa mtu mzima mambo ni mengine. Wanaoahidi kwamba kukandamiza ulimi kwenye kaakaa kutamchongea taya jipya hawana ushahidi wa kuaminika, kwani mifupa yake imeshakomaa.

Umri ukienda, uso hubadilishwa na nini?

Watu hulaumu ngozi, na kweli ina sehemu yake: wanawake hupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, katika miaka 5 ya mwanzo baada ya kukoma hedhi. Midomo huwa myembamba. Lakini chini ya ngozi mafuta hushuka na mfupa wenyewe hupungua, matundu ya macho yakapanuka na taya la juu likarudi nyuma.

Kinachobadilisha uso kuliko vyote hivyo, kwa maoni yangu, ni kung'oka kwa meno. Mfupa uliokuwa umelishika jino hukosa kazi na huyeyuka, na kwa watu wasio na meno kabisa taya la chini huyeyuka takriban mara 4 ya la juu. Midomo huingia ndani, kidevu hupanda kuelekea pua. Sura hiyo tunaiita ya kizee, kumbe ni ya mapengo.

Na nguvu zenyewe hupungua kiasi gani?

Mtu anayetumia meno bandia kinywa kizima huweza kubaki na robo tu ya nguvu za kung'ata, wakati mwingine chini ya hapo. Nguvu za ulimi hupimwa kwa kukandamiza kipira kidogo kwenye kaakaa: kijana mwenye afya hufikia kama kilopaskali 60 (kipimo cha mkandamizo). Japani, mwongozo wa mwaka 2016 ulihesabu chini ya 30 kuwa dalili ya kinywa kudhoofika, na vivyo hivyo kushindwa kutamka "ta" mara 6 kwa sekunde.

Mzee hutumia nguvu karibu zilezile kumeza kama zamani, ila akiba yake ndiyo imepungua. Siku za afya haonekani na shida. Akiugua wiki moja tu kitandani, kumeza kunamshinda.

Mzee wetu hula polepole na hupaliwa mara kwa mara. Ni uzee tu?

Usimkemee, wala usimharakishe. Angalia kama meno bandia yanacheza, kama kinywa hukauka kwa sababu ya dawa, kama amepungua uzito, na kama sauti yake huwa na majimaji baada ya kunywa. Kinachoingia njia ya hewa huweza kuleta homa ya mapafu, kwa hiyo kupaliwa mara kwa mara kunahitaji daktari. Akila, aketi wima na anywe kidogo kidogo. Ulimi huitikia mazoezi hata uzeeni: wazee waliofanya mazoezi ya kuukandamiza kwenye kaakaa kwa wiki 8 waliongeza nguvu zake. Mtaalamu wa umezaji ndiye wa kupanga kiasi.

Dalili zipi hazisubiri kesho?

Upande mmoja wa mdomo ukishuka ghafla, au maneno yakivurugika, huenda ni kiharusi: hospitali saa hiyohiyo. Mwenye zaidi ya miaka 50 anayeumwa taya kila akitafuna, pamoja na maumivu mapya ya kichwa kwenye panja, aonwe siku hiyohiyo, kwa kuwa uvimbe wa mishipa ya damu ya hapo unaweza kumpofusha. Na taya likichoka katikati ya mlo huku kope zikilegea, mweleze daktari yote mawili kwa pamoja.