33 kwenye boza si thelathini na tatu

Bango la rangi ya chungwa kwenye boza hubeba namba mbili. Ya juu, yenye tarakimu mbili au tatu, hueleza aina ya hatari. Ya chini, yenye tarakimu nne, ni namba ya UN, yaani ya Umoja wa Mataifa, nayo hutambulisha bidhaa. Petroli ni 33 juu na 1203 chini. Utaratibu huu umo katika ADR, mkataba wa kusafirisha bidhaa hatari kwa barabara uliotiwa saini Geneva mwaka 1957.

Tatizo ni namba ya juu. Watu huisoma kama kipimo, eti 90 ni mbaya kuliko 33 kwa kuwa ni kubwa. Si kipimo. Kila tarakimu husomwa peke yake: 2 ni gesi, 3 kimiminika au gesi inayowaka, 4 yabisi inayowaka, 5 kinachochochea moto, 6 sumu, 7 mionzi, 8 kinachobabua. Inayotangulia ndiyo hatari kuu; zinazofuata ni hatari za ziada. Sifuri hujaza tu nafasi pale ambapo tarakimu moja imetosha. Kwa hiyo 268 ya amonia ni gesi, yenye sumu, inayobabua.

Tarakimu ikirudiwa, hatari imezidi. Mafuta ya taa ni 30, kwa kuwa mvuke wake hauwaki kwa cheche mpaka yapate joto la nyuzi 23 au zaidi. Mvuke wa petroli huwaka hata kwenye baridi kali, ndiyo maana ya 33. Ila kanuni hii ina mapengo yake, na hapo hata waliosomea hujikwaa. 22 ni gesi iliyofanywa kimiminika kwa baridi kali, kama naitrojeni. 99, ambayo kwa hesabu za vijiweni ingekuwa kilele cha balaa, ni bidhaa inayosafirishwa ikiwa ya moto, mathalani lami iliyoyeyushwa. Tena 9 ikitangulia huashiria hatari mbalimbali, zikiwemo za mazingira, lakini ikija ya pili au ya tatu huonya kwamba mzigo unaweza kulipuka kwa mmenyuko wenyewe, kama 239 ya butadieni.

Herufi X mbele ya namba ndiyo ya kuogopwa zaidi na mwenye mpira wa maji. X423 juu ya 1428 ni sodiamu: maji yatazalisha gesi inayowaka, basi yasitumike bila idhini ya wataalamu.

Namba ya UN nayo haipimi kitu. Ni orodha tu. Dizeli ni 1202, jirani kabisa na petroli, na ujirani huo hauna maana yoyote. Bango lisilo na namba pia si uzembe wa dereva: lori lililopakia madumu na mapipa huruhusiwa bango tupu mbele na nyuma. Boza lililoshusha mzigo bila kusafishwa hubaki na namba zake, kwa sababu mvuke bado umo.

Kwa hiyo unapowapigia zimamoto, simama upande upepo unakotokea, kisha soma "tatu, tatu", halafu "moja, mbili, sifuri, tatu". Kama kuna X, ianze hiyo.