Mshumaa wa Februari 2 si hirizi wala si bidhaa: ufafanuzi kwa waamini

Tumsifu Yesu Kristo.

Kila inapokaribia Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, Februari 2, ambapo mishumaa ya waamini hubarikiwa, parokia zetu hapa Mwanza hupokea maswali yale yale kuhusu mishumaa hiyo, na safari hii yamekuja pamoja na malalamiko. Wapo wanaolalamika kwamba nje ya geti la kanisa kuna wachuuzi wanaouza mishumaa "iliyokwisha kubarikiwa" kwa bei ya juu. Wapo pia wanaomlalamikia paroko kwa sababu alikataa kubariki katoni nzima iliyoletwa na mfanyabiashara. Sisi tunaohudumia liturujia tunaona ni vema tuelewane mapema.

Tuanze na ibada yenyewe, kwa maana wengi huikuta katikati. Waamini hukusanyika nje ya kanisa, kwa mfano kwenye groto (pango la Bikira Maria), kila mmoja na mshumaa wake. Mishumaa huwashwa, padre husalimu, hutoa maelezo mafupi, husali sala ya baraka na kunyunyizia maji ya baraka. Kisha maandamano huingia kanisani kwa wimbo. Wakishafika ndani, tendo la toba huachwa. Huimbwa wimbo wa Utukufu, na Misa inaendelea. Pale ambapo maandamano hayawezekani, waamini husubiri ndani na mishumaa yao, na padre hubariki akiwa mlangoni au mahali anapoonekana, pamoja na wahudumu na wawakilishi wa waamini. Namna zote mbili ni halali. Upepo wa ziwani ukikuzimia mshumaa njiani, washa kwa jirani na uendelee kutembea. Baraka haikuzimika.

Kinachotusikitisha ni wanaoondoka mara tu maji ya baraka yanapowagusa. Maandamano yale yanamfuata Kristo, ambaye mzee Simeoni alimpokea mikononi siku ya 40 baada ya kuzaliwa kwake, akamwita nuru ya mataifa. Yanaelekea altareni. Anayeishia getini na mshumaa wake hajaadhimisha sikukuu. Ni kweli kwamba si sikukuu ya amri, yaani waamini hawalazimiki kuhudhuria Misa, na ikiangukia siku ya kazi wengi hubanwa. Wavuvi wa dagaa wanaoingia ziwani jioni wanaweza kuwatuma watu wa nyumbani na mishumaa yao. Ikiangukia Dominika, kama ilivyokuwa 2025, huchukua nafasi ya Dominika ya Mwaka, yaani Misa ya kawaida ya Jumapili hiyo.

Sasa suala la biashara. Kuuza mshumaa ambao haujabarikiwa si kosa. Duka la parokia hufanya hivyo kila siku. Kuuza baraka ndiko kunakokatazwa. Kanuni ya 1171 ya Sheria za Kanisa inaagiza vitu vitakatifu viheshimiwe na visitumike kwa mambo yasiyofaa, hata kama ni mali ya mtu binafsi. Kanuni ya 1369, katika sheria za adhabu zilizoanza kutumika Desemba 8, 2021, inasema anayenajisi kitu kitakatifu apewe adhabu ya haki. Adhabu haiji kwanza, lakini. Kanuni ya 1341 inataka kwanza maonyo ya kidugu, kisha karipio, na hatua za adhabu zifuate pale njia hizo zinaposhindwa kumrekebisha mhusika na kuondoa kwazo. Kwa hiyo ukimwona mchuuzi wa namna hiyo, usimshike wala usimpige picha ya kusambaza. Mweleze katekista au mwenyekiti wa jumuiya, naye atamfikishia paroko.

Paroko aliyekataa katoni hakukosea. Alijua mishumaa hiyo inakwenda kuuzwa kama baraka.

Kuhusu wanaodhani mshumaa huu wenyewe hukinga radi, tumekwisha kueleza mara nyingi, na tunaeleza tena. Ukanda wetu wa Ziwa una radi nyingi, na hofu hiyo tunaielewa. Poland nako familia zina desturi ya zamani ya kuwasha mshumaa wa sikukuu hii ngurumo zinapokuja, huku wakisali. Neno la kushika hapo ni wakisali. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 1670, inafundisha kwamba visakramenti, yaani ishara takatifu kama mshumaa huu uliobarikiwa, havitoi neema kwa namna ya sakramenti. Kwa sala ya Kanisa vinatuandaa kuipokea. Mshumaa uliofungwa kitambaa na kufichwa kwenye mtumbwi bila sala umegeuzwa kuwa hirizi. Mvuvi asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, avae jaketi okozi, na asali.

Kazi kubwa ya mshumaa huu nyumbani ni kando ya mgonjwa. Padre anapoleta Komunyo, andaeni meza ndogo yenye kitambaa cheupe safi, msalaba, mshumaa uliowashwa, maji ya baraka na glasi ya maji ya kunywa. Toeni taarifa kwa mwenyekiti wa jumuiya au ofisi ya parokia mapema, mkitaja jina la mgonjwa, mahali anapolala na kama anaweza kumeza. Msisubiri hadi mgonjwa apoteze fahamu ndipo mmwite padre, kwa kuogopa kwamba Mpako, yaani kupakwa mafuta matakatifu, ni tangazo la kifo! Mpako wa Wagonjwa ni kwa ajili ya walio hai, na hali ikizidi kuwa mbaya unaweza kurudiwa. Hospitalini, iwe Bugando au kwingineko, msiwashe mshumaa wodini. Penye oksijeni moto ni hatari. Sala inatosha.

Vipande vya mshumaa vilivyobaki visitupwe jalalani. Vichomwe au vizikwe mahali pasafi, au vipelekwe sakristia, chumba cha kanisani cha kutunzia vifaa vya ibada.

Kesho yake, Februari 3, tunamkumbuka Mtakatifu Blasi, askofu wa Sebaste na shahidi, na padre hubariki koo kwa mishumaa miwili iliyopishanishwa. Mapokeo yanasimulia kwamba alimponya mtoto aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Kwetu sisi walaji wa sato hilo si jambo la mbali, kwa hiyo tunasisitiza: mtoto akikwamwa na mwiba, mkimbizeni kituo cha afya mkiwa mnasali njiani. Baraka ya koo ataipata akirudi.