Usiniambie Kiswahili hakina “the”

Wiki hii nimeambiwa tena, na safari hii na mtu mzima aliyekuja na daftari lililojaa mazoezi mpaka jalada la nyuma: “Mwalimu, Kiswahili hakina ‘the’, sisi hatuwezi kuielewa. Tupe tu sentensi za kujaza nafasi, tukariri.” Nafundisha Kiingereza jioni hapa Kampala, upande wa Makindye. Wengi wa wanafunzi wangu wametoka Kivu, wachache Burundi, na wapo Watanzania wanaofanya biashara mjini. “The” ni kile kineno ambacho Kiingereza huweka mbele ya jina la kitu msikilizaji anachokijua, na “a” au “an” mbele ya kile asichokijua bado. Maneno ya yule mwenye daftari nimeyasikia kwa lafudhi zao zote. Si kweli, na yanawapotezea watu miaka.

Anza na hadithi za bibi. “Hapo zamani palikuwa na mzee mmoja. Yule mzee alikuwa na mbuzi.” Kwa nini bibi alisema “mmoja”? Hakuna aliyemuuliza idadi ya wazee. Na kwa nini “yule”, wakati hapo jikoni hapakuwa na mzee wa kunyooshewa kidole? “Mmoja” ilimwingiza mzee kichwani mwako. “Yule” ikakwambia ni huyo huyo uliyekwisha kumpokea. Kiingereza kilipita njia hiyo hiyo. “A” na “an” zilitokana na neno la kuhesabia, ndugu wa “one”, na “the” ilitokana na neno la kuonyeshea, kama “yule” yetu. Wao wameyatumia mpaka yakawa lazima. Sisi tumebaki na hiari.

Sasa sikiliza hizi mbili: “Natafuta mwalimu” na “Namtafuta mwalimu.” Wa kwanza anataka mwalimu yeyote, labda mwanawe ana mtihani. Wa pili ana mtu wake, na anadhani nawe unamjua. Hiyo “-m-” ndogo imebeba mzigo ambao Kiingereza kingeibebesha “the”. Au mtu nyumbani akuulize, “Umenunua sukari?” Hilo ni swali tu. Akikuuliza, “Umeinunua sukari?” basi ulitumwa, na afadhali uwe nayo mkononi. Hakuna anayekosea hapa. Mtoto wa miaka minne hakosei. Halafu mtu huyo huyo anakaa mbele yangu na kusema jambo hili halimo katika lugha yake!

Kipimo hiki hakitoshi peke yake, lazima niseme. Tukizungumzia watu, “-m-” huja mara nyingi bila kujali kama mtu huyo anajulikana au la: “Nimemwona mtoto barabarani” anaweza kuwa mtoto yeyote. Na wanafunzi wangu wa Kivu wengi hawaitumii “-i-” au “-ki-” kama watu wa pwani. Kwao “ile” ndiyo hufanya kazi hiyo. Kwa hiyo nakitumia kuamsha sikio. Ukikigeuza kuwa kanuni kitakuangusha.

Kanuni inayowaangusha wengi ni ile ya vitabuni: kitu kikitajwa mara ya kwanza weka “a”, mara ya pili weka “the”. Haya, panda taksi Nsambya, zile za abiria 14, kisha usimulie: “I boarded a taxi and the conductor shouted at me.” Konda hakutajwa popote kabla ya hapo, mbona kapewa “the”? Kwa sababu msikilizaji wako anajua taksi ina konda wake mmoja. Ulipotaja taksi, konda alikwisha kuingia naye. Unachopaswa kujiuliza ni kimoja: huyu ninayesema naye anajua ni kipi? Ukurasa wa kujaza nafasi hauwezi kukufundisha kujiuliza hivyo, maana sentensi zake hazina msikilizaji.

Tena ukurasa huo unawasahihisha watu wawili tofauti kwa alama moja nyekundu. Mtanzania ataandika “I bought phone”, ameiacha “a”. Mwenzake wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa ataandika “The life is difficult in the Uganda”, amezidisha, kwa sababu Kifaransa huweka kineno chake mbele ya maisha, mapenzi na nchi pia. Huyu anapaswa kuongeza, yule anapaswa kupunguza, nao wanapewa zoezi lile lile. Hapo ndipo napandwa na hasira.

Majina ya mahali, kariri tu. The Nile, lakini Lake Victoria. Mount Elgon, lakini the Rwenzori Mountains. Uganda haina kitu, na the Democratic Republic of the Congo ina mbili.

Lipo swali ambalo bado linanisumbua. Mwanafunzi Mwislamu aliniuliza kwa nini Kiingereza husema “go to church” bila “the”, halafu kwa kawaida husema “go to the mosque”. Vitabu hueleza kwamba “the” huachwa ukienda mahali kwa kazi yake: kusoma shuleni, kusali kanisani. Lakini naye msikitini huenda kusali. Nilimjibu kwamba ni mazoea yaliyoganda, na jibu hilo mwenyewe haliniridhishi. Ongeza kwamba aliyelazwa yuko “in hospital” kwa Mwingereza na “in the hospital” kwa Mmarekani, uone kanuni hiyo ilivyo nyepesi.

Dada mmoja darasani alipata 18 kati ya 20 katika zoezi la kujaza nafasi. Wiki hiyo hiyo akaenda ofisi moja mjini, akasimama dirishani: “I have come for the form.” Karani akamuuliza, “Which form?” Yule dada akanyamaza, akarudi nyumbani akiamini ameharibu kitenzi. Kitenzi kilikuwa sawa. Alimpa karani fomu ambayo karani hakuwa nayo kichwani. (Tazama nilivyomtaja mimi: kwanza “dada mmoja”, kisha “yule dada”. Nilikwambia unajua.)

Kwa hiyo darasani kwangu tunasimulia jambo moja mara mbili. Umepoteza begi. Kwanza mweleze askari kituoni, asiyejua hata kama ulikuwa na begi. Kisha mweleze ndugu yako aliyekufungia zipu asubuhi. Mwenzako anacheza askari, na kila ukisema “the” kabla ya wakati wake anakukatiza: “Which one?” Siku ya kwanza watu hukatizwa kila sentensi. Jumanne iliyopita yule dada alifika mpaka mwisho wa taarifa akiwa amekatizwa mara mbili tu, na mara ya pili ilikuwa juu ya “the hospital”, ambapo nilibishana na askari mimi mwenyewe.